Moshi wa Mwezi wa Saba

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo kidogo cha polisi, Mpanda mjini, tarehe 15/03/2025, kuanzia saa 4:20 asubuhi.

Jina: Matilda Lyamba. Umri: miaka 49. Kabila: Mbende. Dini: Mkristo, Katoliki. Kazi: mpima hali ya hewa, kiwanja cha ndege. Makazi: Kasokola.

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu askari kwamba uongo wa jambo hili ulishaandikwa na mtu mwingine, tena kwa mwandiko mzuri sana.

Mnamo tarehe 01/03/2025 helikopta ya jeshi ilifika kiwanjani kwetu kusaidia watu wa mwambao wa ziwa ambao barabara yao ilikatwa na mvua. Rubani ni Kapteni Method, kijana mpole ambaye huuliza jambo mara mbili. Mkuu wao ni Meja Nkwabi, na ndiye aliyepanga safari zote. Meja ana kalamu tatu mfukoni, nyekundu, nyeusi na ya bluu. Kwa wiki mbili sikuiona hata moja ikiandika kitu kilichotoka kichwani mwake.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, kwa hiyo naomba nieleze ili isije ikasemwa ni mambo ya kijeshi. Rubani akiingia ndani ya wingu, macho yake hayana kazi. Anaruka kwa vipimo na kwa mpango alioupata kabla ya kupaa: kimo kinachovuka vilima vyote, mafuta, kiwanja cha akiba cha kukimbilia, na kimo cha mwisho cha kushukia. Akifika kimo hicho hajaona kiwanja, anapanda tena, habishani. Kipimo cha kimo nacho hurekebishwa kwa namba ya mgandamizo wa hewa ambayo napima mimi. Namba ikizidi kwa moja tu, kipimo kinamdanganya kama futi thelathini. Kinamwambia yuko juu, kumbe yuko chini.

Ukutani ofisini kwangu nimebandika fomu ya mfano, ili wageni waone namna ya kujaza. Niliijaza mwezi wa saba mwaka jana. Inasema: mgandamizo 1019, hakuna mawingu ya chini, moshi wa kuchoma mashamba.

Mnamo tarehe 12/03/2025, siku ya Jumatano, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilifika kazini saa 1:05 asubuhi kwa baiskeli, nimelowa, tope mpaka magotini. Helikopta ilikuwa imeshapaa saa 12:10 kwenda Ikola, kule ziwani, kumchukua mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua. Ndani alikuwemo Kapteni Method, msaidizi wake, na muuguzi Pelagia wa hapa mjini. Pelagia nilimfahamu. Tulikuwa tunaimba kwaya moja.

Nilimkuta Meja ameketi kwenye kiti changu anakunywa chai. Juu ya meza kulikuwa na fomu ya hali ya hewa ya siku ile. Niliisoma nimesimama. Mgandamizo 1019. Hakuna mawingu ya chini. Moshi wa kuchoma mashamba.

Nilichungulia dirishani. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka mwisho wa kiwanja sikuuona. Sijui ni shamba gani linalochomwa mwezi wa tatu ndani ya maji. Mtoto wa darasa la pili akinakili daftari la mwenzake hubadilisha walau jina. Meja mzima hakubadilisha hata moshi.

Niliangalia na mpango wa safari uliokuwa chini ya fomu hiyo. Kiwanja cha kurudi aliandika Mpanda. Kiwanja cha akiba, yaani pale pa kukimbilia kama Mpanda pamefungwa na wingu, aliandika Mpanda.

Nilikwenda kupima. Saa 1:20 nilipata 1010. Nilirudi nikamwambia, "Afande, hiyo namba ni ya ukutani. Ya leo ni 1010."

Akasema, "Mama, hewa ni hewa tu. Tofauti ya namba tisa ndiyo ikutoe jasho?"

Nikamwambia, "Ni futi mia mbili sabini, afande. Na leo wanashuka ndani ya wingu."

Akasema, "Fomu imeshatumwa makao makuu. Siwezi kutuma namba moja kule nikasema nyingine kwenye redio. Nyie raia hamjui utaratibu."

Saa 1:34 Kapteni Method aliita kwenye redio. Sauti yake ilikuwa tulivu. Alisema wapo na mgonjwa, wapo ndani ya wingu, anaomba mgandamizo wa Mpanda ili aanze kushuka. Meja alishika kipaza sauti akasoma, "Elfu moja kumi na tisa." Kapteni akauliza, "Imepimwa na nani?" Huyo ndiye Method, huuliza mara mbili. Meja akajibu, "Na Mama Josefina. Amesaini." Josefina ni binti yangu, ndivyo wanavyoniita pale.

Nilinyoosha mkono nichukue kipaza sauti. Meja akakihamishia mkono wa pili, kama mtu anayemnyima mtoto kijiko. Nilipiga kelele, lakini kitufe alikuwa ameshakiachia. Method alisema, "Sawa, kama ni Mama Josefina." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia redioni.

Saa 1:41 tulisikia kishindo upande wa Kasokola. Helikopta ilikata miti ya kilima kilicho nyuma ya mashamba. Wakulima ndio waliofika kwanza na mapanga, wakawatoa. Mama mjamzito yuko hai, na amejifungua hospitali. Msaidizi amevunjika mkono. Kapteni amevunjika miguu yote miwili. Pelagia alikuwa amekaa upande ulioangukia chini, naye alikuwa ameshafariki.

Meja aliuliza swali moja tu tulipofika kule kilimani na kusimama kwenye tope. Aliuliza kama ile fomu ya ukutani bado ipo. Ipo. Niliibandua kabla yake na nimeileta hapa, askari ameipokea.

Nimesikia taarifa imeandikwa kwamba Kapteni alipuuza hali ya hewa na atavuliwa cheo. Namdharau aliyeiandika, hata kama jina lake halikutajwa, maana namjua.

Sasa nimeulizwa kama sahihi iliyopo chini ya fomu ya tarehe 12 ni yangu. Ni yangu. Haikughushiwa.

Tarehe 02/03/2025 Meja aliniletea kitabu cha fomu tupu. Alisema wao huondoka kabla sijafika, kwa hiyo nisaini zote nisiwe nasumbuka kuwahi, watajaza wenyewe. Nilisaini ishirini. Hakunishika mkono. Nilikuwa na mpunga wa kupalilia, na kila asubuhi kwa siku kumi nilikuwa shambani saa 12 wakati karatasi yenye jina langu inapima hewa bila mimi. Nimemcheka sana Meja katika maelezo haya, na sifuti hata neno. Lakini yeye alinakili mara moja, mimi nilisaini mara ishirini.

Tarehe 13/03/2025 nilikwenda hospitali kumwona Kapteni Method. Nilimwambia habari ya fomu tupu. Akasema, "Mama, mimi yule Meja simwamini hata akiniambia leo ni Alhamisi. Nilishuka kwa sababu yako."

Naomba iandikwe hivyo hivyo: rubani alifuata namba aliyopewa, na aliifuata kwa sababu ya jina langu. Niliyoyaona na niliyoyafanya yanaishia hapa, nimesomewa, nami nayakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: M. Lyamba

Maelezo ya askari mwandishi: Ukurasa wa tatu nilimpa shahidi asaini chini mapema ukiwa bado mtupu, nimalizie kuujaza baadaye, maana ilikuwa muda wa chakula. Alikataa. Alikaa kwenye benchi dakika arobaini mpaka nilipomaliza kuandika, akausoma wote kwa kidole, mstari kwa mstari, ndipo akasaini. Koplo Damiano, saa 7:15 mchana.