Bibi Dirishani, kwa Kipimo cha Simu

Nyumbani kwa Baba,
Mlango wa kijani nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko, bado unalala na soksi? Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenihama. Meneja wangu anaota meno. Akiamka yeye, nyumba nzima iko kazini. Naandika huku nimempakata, kwa hiyo ukiona mstari umepinda, mlaumu yeye.

Ule ujumbe wako, kwamba Baba aiweke kamera kabatini apumzike, aliupata na aliutii. Tangu zile picha za mahafali ya mafundi cherehani zitoke nyeusi kama masizi, hakuigusa tena. Kipimo chake cha mwanga kilikufa zamani, akawa anakisia kwa macho, na macho nayo siku hizi yana ukungu. Wiki tano studio imefungwa. Anakaa tu, anafuta lenzi isiyo na vumbi.

Iliniuma. Nikaweka kwenye simu yangu programu ya kupima mwanga. Unaiambia aina ya filamu, unaielekeza kwa mtu, inakupa namba za kuweka kwenye kamera. Nilipomwonyesha Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Simu yenyewe inapiga picha, halafu unaiomba ipimie kamera nyingine? Si sawa na kupanda basi kwenda kuazima baiskeli?"

Nikamwambia, "Baba, Bibi anataka picha ya filamu, na mpigaji ni wewe. Inuka."

Bibi akaketi kando ya dirisha, kilemba cheupe, Meneja mapajani. Kwenye kamera zilikuwa zimebaki picha tatu tu. Nikapima, nikasoma namba kwa sauti, najiona nimeshamaliza kazi.

Baba akageukia sauti yangu. "Umesimama wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Basi imekiona kilemba, haijamwona Mama. Mwanangu, hiyo simu haijui nani mweusi wala kipi cheupe. Yenyewe inataka dunia nzima iwe kijivu. Sogea usoni."

Nikaisogeza hadi karibu na shavu la Bibi. Bibi akauliza kama inataka busu. Namba zikabadilika kabisa. "Sasa tupunguze mwanga kidogo," Baba akasema, "la sivyo itampausha." Baba hazioni namba za kwenye lenzi, lakini aliizungusha pete yake akihesabu mlio: ka, ka, ka. Nikachungulia. Palepale alipotaka! Shangazi, nilisisimka mwili mzima. Namba nilizisoma mimi, lakini ipi ya kuamini na ipi ya kukataa aliijua yeye.

Picha ya kwanza Meneja alivuta kilemba, ya pili akapiga chafya. Ya mwisho ndiyo hii niliyoiweka kwenye bahasha. Tazama mikunjo ya kitambaa, halafu tazama macho ya mama yako. Vyote vipo. Baba aliisafisha mwenyewe, akaishika karibu na pua kwa muda mrefu, akasema tu, "Huyu ni Mama."

Sasa nina ombi, nalitoa kwa heshima lakini silirudishi nyuma. Lile neno la kabatini, liondoe. Mwandikie kwa mkono wako. Macho yatatibiwa, daktari ameshampa tarehe. Mpaka hapo kusoma namba ni kazi yangu, hata nikiwa nasinzia. Wewe ni dada yake mkubwa, na neno lako kwake ni amri. Studio hajaifungua bado. Anasema anasubiri filamu. Filamu zilishafika, Shangazi. Anakusubiri wewe.

Wasalimie Mjomba na binamu zangu wote, hasa Kibonge. Bibi anakusalimu, anasema hereni alizovaa ni zile ulizomletea. Mungu akufunike kwa rehema zake huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata kwa macho mazito,

Mama Meneja