Mwanamume wa Simiti Asiyejibu Salamu

Dada Nekesa, mulembe kwenu huko Matulo.

Leo karibu na soko la Kitale nilimkuta mwanamume ameketi peke yake kwenye benchi. Nikamsalimia, kimya. Nikampa mkono, akaukataa. Nikakumbatia mkoba wangu, maana mtu asiyejibu salamu ana jambo. Mama wa mahindi ya kuchoma akacheka: "Si huyo ni wa simiti. Aliyemtengeneza anasema ati ni upweke wa mjini."

Bado simwamini mwanamume huyo.

Lakini kwenye ploti ya nyumba za kupanga anakoishi binti yangu hapa mjini, jirani wa mlango wa pili nimemsalimia asubuhi tatu, hajajibu. Nimemchunguza vizuri. Huyo anapumua.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake, na uwape mkono.

Nasimiyu wako