Baba, Lile Si Lango

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini ulinifundisha kutanguliza salamu kabla ya maneno mazito, na leo ninayo.

Nimelisema lile la ukuta. Nimelisema mchana kweupe, mbele ya watu, na jina lako nimelitaja. Kaa vizuri nikusimulie, na usinikatishe kama ulivyozoea.

Unakumbuka mwaka niliorudi nyumbani kutoka Kidatu, kazi ya miwa iliponishinda? Ulinipokea kwa nyundo. Ulisema mikono kama yangu haikai bure, ukanipandisha kilimani. Kila asubuhi tulipita shamba la mpunga la mama, tukaingia msituni nyuma ya Mkula mpaka pale mawe ya chokaa yanapoanza kuchomoza kati ya mizizi. Wewe ulivunja, mimi nilibeba. Tulipanga kuni na mawe ndani ya tanuri, tabaka juu ya tabaka, tukachoma siku tatu, kisha nikayamwagia maji mpaka yakachemka na kuwa unga. Nyumba nyeupe za pale barabarani zilikuwa kazi yetu, na ulipenda kuzipita taratibu ukijifanya huzioni.

Kisha mgongo wako ukakataa. Kanisa lilitaka chokaa kabla ya Pasaka, na wewe hukuweza kuinua nyundo. Juu kabisa kulikuwa na ule ukuta wa watu wa kale, waliouzungusha kileleni pamoja na handaki ili adui asipande. Mawe yake yalikuwa ya chokaa vilevile, yamekwisha kuvunjwa, yamepangwa, makavu.

"Wazee wametufanyia nusu ya kazi," ulisema. "Tumalizie."

Tukabomoa hatua nane. Kanisa likang'aa, tukasifiwa mbele ya waumini. Hukuniambia kwamba ulijuta. Niliona tu kuwa msimu uliofuata ulirudi kuvunja mwamba huku mgongo ukiuma, na ukuta hukuugusa tena.

Wageni walipoanza kuja kupanda kilima, kijiji kilisafisha njia, na njia iliyokuwa rahisi kuliko zote ikapita kwenye pengo letu. Mmoja akakuuliza, "Mzee, hapa ndipo palikuwa lango lao?" Nilisimama kando yako. Ukasema, "Ndipo." Nikakutazama, ukatazama miti. Tangu siku hiyo pakawa lango. Ulipofariki nikaachiwa kazi ya kuongoza wageni, na hilo lango nikalisimulia vizuri kuliko wewe. Katika hadithi yangu niliweka hata walinzi wawili wenye mikuki. Watu walipiga picha.

Mwaka huu amekuja mtaalamu wa mambo ya kale, bwana mmoja mpole. Amepima ukuta wote, kisha akaniambia wataweka kibao cha kudumu pale penye pengo na kuanza kuchimba hapohapo, kwa sababu langoni ndiko watu hupita wakiangusha vitu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba kesho nitasema ukweli. Aliacha kupepeta mchele.

"Mwache baba yako apumzike," alisema. "Watamwita mwizi."

"Na mimi je, mama? Nilibeba."

"Wewe uko hai, utajitetea. Yeye atajitetea kwa kinywa gani?"

Hilo liliniuma, Baba, sikufichi. Lakini niliwaza wale watu waliopandisha mawe yao mpaka kule juu wakijikinga, na sisi tunawafungulia mlango mahali walipojenga ukuta. Kesho yake nikasimama pale pengoni nikamweleza yule bwana kila kitu: tanuri, Pasaka, mgongo wako, na walinzi wangu wa kutunga. Vibarua wake wa kuchimba wote walisikia. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na ungekuwepo ungejivunia.

Bwana yule hakukasirika. Alikata mstari mmoja kwenye daftari lake, akauliza tanuri lilikuwa wapi. Nikampeleka. Alipiga magoti kwenye majivu yetu, akayapima kwa makini yaleyale aliyoupimia ukuta. Kisha akaniuliza jina lako.

Kibao kimesimikwa Jumamosi. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini mama alivaa kitenge chake cha kanisani akasema anapanda. Magoti yake unayajua. Tulipumzika mara nne. Tulipofika alisogeza uso karibu na maandishi, kidole kikifuata kila herufi, maana macho yake yamepungua. Niliogopa pale, Baba, kuliko siku ile niliyosema. Kimeandikwa kwamba zamani ukuta huu haukuwa na mwanya hapa, na kwamba sehemu hii ilibomolewa ikachomwa na Deodati, fundi chokaa wa Mkula, pamoja na binti yake.

Mama alifika mwisho, akarudi kwenye mstari wenye jina lako, akaugusa tena.

"Fundi," alisema. "Wamemwandika fundi."

Basi pumzika, Baba. Kilimani nipo mimi.

Ni mimi binti yako,
niliyebeba mawe