Shilingi Mia Pungufu

Jumatano, 4 Februari

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, ishia hapa. Usimwambie mtu, hasa mtu wa Bunda, hasa mwenye pikipiki. Nina miezi miwili tu kazini na bado niko kwenye majaribio.

Leo bei mpya za mafuta zimetoka. Kila wilaya ina kikomo chake cha bei – Musoma yake, Butiama yake, Bunda yetu – na bosi, Mzee Baltazari, huuza palepale kwenye kikomo. Hapunguzi hata shilingi. Kazi yangu ni kuingiza bei kwenye pampu, kisha kupanda ngazi na kubadilisha namba ubaoni. Naogopa ngazi. Nimeshuka, nimehakiki mara mbili: ubao na pampu vinalingana.

Alhamisi, 5 Februari

Vinalingana kweli! Niliingiza saba penye nane kwenye pampu, kisha nikanakili kosa langu ubaoni kwa usahihi mkubwa. Petroli yetu iko chini ya kikomo kwa shilingi mia. Kila lita.

Nimegundua saa nne asubuhi. Nikakaa kusubiri foleni ya kunimaliza. Haikuja. Foleni ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha bei ya juu!

Rhobi, dada wa pampu, akamwita Mwikwabe, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Mbona unatupita, shemeji? – Mimi nina watoto, dada. Mafuta ya bei hiyo mmechanganya na nini? – Maji ya ziwa na samaki furu wawili. Kijiwe kizima kikacheka. Mwikwabe naye alicheka, kisha akavuka barabara akajaza kule.

Wiki iliyopita huyuhuyu alituita wezi kwa sababu ya bei kubwa.

Ijumaa, 6 Februari

Nilitaka kurudisha nane kimyakimya. Rhobi kanizuia. Ukipandisha leo, kasema, watajua ile ilikuwa sumu na sasa ndiyo tumeleta petroli. Mwambie mzee.

Nimemwandikia mzee ujumbe mara sita. Nimeufuta mara sita.

Jumapili, 8 Februari

Sijautuma, na bosi ameshajua. Kajulia kanisani, huko Musoma anakoishi. Mama Marcelina wa kwaya kamshika mikono yote miwili: Mungu akubariki, baba, umewaonea huruma watu wa Bunda. Na yeye – kanisimulia mwenyewe kwa simu – akajibu kwamba jambo hilo alilitafakari kwa muda mrefu.

Halafu sauti ikashuka. Ngazi alipanda nani?

Mimi, mzee.

Mzee akaamua papo hapo. Basi bei ibaki hivyo, siwezi kujikana mbele ya kwaya. Lakini wanunue!

Jumatatu, 9 Februari

Bosi kaja mwenyewe. Mpaka saa saba mchana tulikuwa tumepata watu wanne, na mmoja wao aliulizia choo. Akawaita bodaboda. Vijana, mnaogopa nini? Mwikwabe akavua kofia kwanza, ana adabu. Mzee, ukiuza ghali tunajua unatuibia. Ukiuza rahisi hatujui unatufanyia nini.

Bosi akanigeukia mimi. Huyu karani wangu, kesho, atajaza tanki hapahapa mbele yenu, aende na pikipiki ya ofisi mpaka Musoma. Mtaona!

Pembeni akaninong'oneza. Ukifika, kijana, barua yako ya ajira iko mezani kwangu Musoma. Usipofika, tutazungumza habari za ngazi.

Nimeendesha pikipiki mara tatu tu maishani.

Jumanne, 10 Februari

Asubuhi kijiwe chote kilikuja kuniaga. Mwikwabe alinusa tanki, akanipa pole mapema. Rhobi kanivalisha jaketi la kituo, jina kubwa mgongoni, ili watu waone.

Niliondoka. Injini ilikuwa safi kabisa. Kiabakari nimeipita vizuri, nikaanza hata kupanga maneno ya kumshukuru mzee.

Sasa naandika nimekaa juu ya jiwe. Mnyororo umekatika. Mnyororo! Umelala pale kando ya lami, kila mtu anauona. Nimewasha injini, ikawaka. Nimezima, nimewasha tena, ikawaka. Hakuna anayeisikiliza. Bodaboda watatu wamesimama wakasoma mgongo wangu.

Ndiyo ile sheli ya bei rahisi? – Ndiyo yenyewe. – Mimi nilikuwaga nasema!

Nikawaonyesha mnyororo. Mkubwa wao akauokota, akaunusa. Mafuta mabaya, mdogo wangu, yanakulaga mpaka chuma. Akaniambia nisogee kidogo, jina la kituo lionekane, akapiga picha. Nilisogea. Sijui kwa nini nilisogea.

Picha imeshafika Bunda, maana Rhobi ameniuliza kama niko hai. Bosi anapiga simu. Imekatika. Anapiga tena. Sijapokea.

Kwa yeyote anayetaka kunipata: toka Kiabakari kama unaenda Musoma, angalia mkono wa kushoto, penye watu wengi. Usiulizie karani wa kituo. Usiulizie pikipiki iliyokatika mnyororo, hakuna atakayeijua. Ulizia ile iliyouawa na petroli. Hata watoto watakuonyesha. Njoo na mnyororo.