Ndege Haiko Mutumbwi

Koko wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka hapa mjini Baraka. Mvua imeosha anga mpaka milima ya Ubwari inaonekana wazi ng'ambo ya ziwa.

Tantine Sifa, shangazi asiyechoka, bado ananifundisha kuendesha ndege yake ndogo. Nilikuwa nimeamua kwamba jana nikishindwa tena, ninaacha. Zoezi lenyewe ni hili: anapunguza mwendo makusudi mpaka mabawa yanashindwa kutubeba, bawa moja linaanguka, na ndege inashuka ikizunguka. Kila mara nilijitupa upande wa pili, kama ulivyonifundisha mtumbwi ukitaka kupinduka. Jana nilifanya hivyo tena, Tantine akacheka mpaka machozi.

“Ndege haiko mutumbwi, mama! Hata pasteri wetu na uzito ya tumbo yake hawezi kuinyoosha. Kanyaga na muguu, sukuma pua chini!”

Kusukuma chini, na tayari unaanguka! Lakini nilikanyaga pedali, nikasukuma usukani. Ziwa likaacha kuzunguka, mabawa yakashika upepo, tukapanda. Hapo nikasikia sauti yangu ikisema, “Tantine, turudilie zoezi tena.”

“We, mwenye hausemaka kitu?” alishangaa Tantine.

Safari hii alikunja mikono yake kifuani akaniachia kazi yote, nami nikaitoa ndege katika kuzunguka mwenyewe.

Asante, Koko, kwa kumwomba mama aniache nije, wakati mimi niliona haya hata kufungua kinywa. Mungu akupe usingizi mzuri na magoti yasiyouma. Ninakupenda sana.

Mjukuu wako,
Neema