Birika Limefungua Mdomo

Jumamosi. Mtoni kumeamka na manyunyu, na mie nimeamka na furaha ya bwana harusi.

Limefunguka.

Nasema birika la mmea wangu, lile nililolilinda kama mboni ya jicho tangu likiwa dogo kama ukucha. Leo kifuniko kimejiinua chenyewe, ndani mna kimajimaji, mdomoni mistari myekundu kama hina ya bi harusi. Linapita kiganja changu kwa urefu, na kiganja changu si cha mchezo. Nimefanya kazi melini, wadau, nimeshuka bandari nyingi kuliko mlizozisikia, ila sijaona kitu kizuri hivi halafu kiwe changu.

Kwa mgeni wa blogu hii: ni mmea unaotoa vibirika kwenye ncha za majani, mdudu akiteleza ndani harudi. Wangu ni chotara. Mzazi mmoja wa mlimani, mwingine wa bondeni, huko visiwa vya Asia, ndio maana unastahimili joto letu. Shule niliiacha mapema, lakini mambo ya mmea huu niulizeni mie. Nimeupanda kwenye makumbi ya nazi. Maji ya kisima hautaki, yana chumvi. Unakunywa ya mvua, na kiangazi naukingia yale yanayodondoka kwenye AC ya duka la dawa. Kuna watu Temeke hawanywi maji safi hivyo.

Nikautundika barazani, dunia ione. Hapo ndipo mdomo wangu ukaniponza.

Maana wiki nzima nilikuwa nawatambia wapangaji kwamba birika likifunguka, nzi wote wa Mtoni wanahama. Sasa Bi Mwasiti, mwenye nyumba wetu, anakaanga vitumbua hapo nje, na nzi ndio maadui zake wakubwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, huku mkono tayari unafungua kamba ya mmea.

"Naliweka mezani kwangu, mwanangu. Limalize hawa washenzi."

Moshi wa mkaa na mafuta ya moto? Jioni ningekuta majani makavu. Na kumnyima mwenye nyumba kitu kilichotundikwa kwenye nyumba yake, unaanzia wapi?

Ikabidi niseme ukweli. Mie.

"Mama, nilitia chumvi. Linakula nzi mmoja kwa wiki, tena akijisikia kuingia. Na moshi utaliua."

Akalitazama birika, akanitazama mie, akarudi kwenye birika.

"Mdomo wote huo, nzi mmoja?" Akacheka mpaka akashika nguzo. "Basi kweli huyu mwanao."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivi. Akaifunga kamba upya, fundo zuri kuliko langu, kisha akalihamisha jiko lake upande wa pili wa mlango, moshi uende barabarani. Wala sikumwomba.

Mchana mteja wa vitumbua akasimama kulishangaa, akauliza kama linaweza kumeza paka. Jibu lilishafika kwenye ulimi, tamu, lina mkia na makucha. Nikalimeza. Nikamwambia nzi mmoja, akijisikia.

Akaondoka bila hata kupiga picha.

Kesho Jumapili watakuja wengi zaidi. Hivi huu ukweli nitauweza siku mbili mfululizo?