Muziki wa Picha Nisiyoiona

Jumamosi, 1 Oktoba 1994

Tumesikiliza upande wa pili wa kanda mpya. Tulianza saa kumi na dakika kumi badala ya saa kumi. Salumu alichelewa, akasingizia suruali ya mteja. Nilimwambia kwamba cherehani haina saa, lakini fundi anayo.

Utaratibu ni uleule. Madirisha ya sebule yangu yanafungwa kwa sababu ya vumbi na honi za mabasi ya Musoma. Macho yanafumbwa. Hakuna kuzungumza mpaka kanda isimame. Kisha kila mmoja anaeleza anachodhani kinatokea kwenye picha, kwa kuusikia muziki peke yake. Nestori, mwenye banda la video pale sokoni, ndiye anayenasa muziki huo kutoka kwenye filamu zake. Yeye peke yake ndiye aliyeziona. Jibu hutolewa naye, mwishoni.

Mimi sijaingia kwenye banda lake hata siku moja. Mwanamke, tena mwalimu aliyestaafu, haketi benchi moja na wavuta sigara. Tangu biashara iachiwe huru kanda zimejaa Kisesa nzima, na filamu zote ninazozijua nimezijua kwa masikio.

Muziki wa leo unatisha. Fidla zinapanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi bila viatu. Mwanamke analia bila maneno. Kisha ngoma, mbali, mara moja tu. Salumu haoni muziki nje ya filamu za Kihindi. "Mwalimu, huyo mama analia tu. Si apewe maneno aimbe, tujue moja?" Mimi nilisema ni mama aliyefiwa, anatembea ndani ya nyumba tupu. Nestori alisita, akasema nimekaribia. Alitazama chini. Sikupenda.

Hata hivyo ni muziki bora kuliko wote aliotuletea mwaka huu. Nimeagiza tuurudie Jumatano.

Jumatano, 5 Oktoba

Tumeurudia mara tatu. Betri za redio zimechoka. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ilishuka, ikaburuzika, ikawa nzito. Salumu akasema, "Sasa amegeuka babu." Tulicheka, nami nilicheka.

Nilipofungua dirisha niliwakuta watu watatu wamesimama kwenye ua wa minyaa. Waliondoka bila neno. Mama Kulwa, jirani ambaye jiko lake limeegemea ukuta wa sebule yangu, alikuwa na ndoo kichwani. Kila siku huniamkia. Leo alipita.

Huenda hakuniona. Nataka kuamini kwamba hakuniona.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika kwa shida.

Saa kumi na nusu tulikuwa tumeketi, macho tumefumba, kanda inazunguka. Betri mpya. Fidla zilipanda. Mwanamke akaanza kulia, na safari hii kilio kilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kilikuwa kirefu zaidi. Kilivunjika katikati. Nilikivulia kofia moyoni. Nilijiambia kwamba betri mpya zimetufunulia kilichokuwa kimefichika. Nilikaa kimya nikisikiliza, labda dakika mbili.

Mlango ulipigwa teke. Kilio hakikuwa cha kwenye kanda. Alikuwa Mama Kulwa, upande wa pili wa ukuta. Doto wake, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameshikwa na degedege.

Waliofungua mlango walitukuta hivi: wazee watatu gizani, macho wameyafumba, hawatikisiki, mtoto anakufa jirani, na redio inalia.

Doto amepelekwa hospitali mjini kwa gari la pamba. Hakuna aliyenijibu nilipouliza hali yake.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani benchi langu lilibaki na mtu mmoja. Mimi.

Salumu alipita mchana. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni. Anasema sokoni wanalo neno moja tu. Wanasema tunaita. Tulianza Jumatano, tukaita mara tatu kwa sauti ya mwanamke na ya mwanamume, na Jumamosi aliyeitwa akaitika. Pia wanataja macho yangu, eti ni ya mchawi. Macho yangu ni mekundu tangu ujana, kwa moshi wa samadi ya ng'ombe tuliyopikia na vumbi la chaki. Miaka thelathini na minne wanafunzi waliyatazama macho haya wakajifunza kusoma. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Naogopa. Ni vyema niliandike lilivyo.

Jumanne, 11 Oktoba

Barua chini ya mlango asubuhi. Karatasi ya daftari la mistari. "Bibi, ulimwita mmoja. Ukimwita wa pili utaondoka wewe. Hatutarudia kukuambia."

Nimeisoma mara nyingi. Hakuna kosa hata moja. Herufi zimesimama wima, na mkia wa j umepinda kushoto kama ninavyoupinda mimi. Aliyeandika nilimfundisha.

Mwaka juzi bibi mmoja ng'ambo ya kinu cha pamba alikutwa shambani kwake, amekatwa. Nilisema ni ujinga wa watu wasiosoma. Sikwenda kumzika. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Mwanangu yuko Nyamagana, ana chumba cha ziada. Basi la kwenda mjini halichukui saa nzima. Nilikunja nguo mbili, nikazikunjua. Nikiondoka leo nitakuwa nimekiri, na nitafuatwa hukohuko. Nikibaki, nabaki. Nimeegemeza meza mlangoni. Meza yenyewe ni nyepesi.

Jumatano, 12 Oktoba

Mzee Masanja, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, amemtuma mtu. Kikao ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nilete redio na kanda.

Nestori alikuja naye Salumu. Nilikuwa nimepata jibu, nikawaambia kwa furaha: wazee waende bandani, waione filamu yenyewe, wausikie muziki ukitoka mle. Wataelewa mara moja. Salumu akapiga paja. Nestori akatazama mlango.

Nilimkazia macho kama ninavyomkazia mwanafunzi. Akatoa lote. Filamu hiyo inahusu bibi kizee. Anakaa peke yake pembezoni mwa mji. Anawaita watoto kwa sauti, na watoto wanakufa. Yule mama niliyesema amefiwa ndiye huyo bibi. Hakunieleza Jumamosi ile kwa sababu aliona haya. "Ningekwambiaje, Mwalimu? Ulikuwa umempenda."

Niliketi chini sakafuni. Sijawahi kuketi sakafuni mbele ya wageni.

Nestori ana mpango. Atanasa muziki wa filamu ya Kihindi kwenye kanda nyingine, filamu ya wachumba wawili na shamba la maua. Tutaipiga hiyo, kisha ataonyesha picha hiyo, na kila kitu kitalingana. Salumu alikubali kabla hajamaliza. "Hiyo naijua kwa moyo, ina vinanda hiyo, hata kamanda atalia."

Niliwaambia sijasema uongo mbele ya wazee tangu nizaliwe. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema: ilete.

Nimeona aibu. Lakini woga ni mkubwa kuliko aibu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Sikula. Saa nane mchana Doto alirudishwa kutoka hospitali. Ilikuwa malaria. Nilimsikia akilia nyuma ya ukuta, akitaka uji. Nilifurahi kumsikia analia.

Mama yake alipiga sufuria kwa mwiko, kwa nguvu, upande wangu. Sijui kama ilikuwa kazi au ujumbe.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne tulikuwa bandani. Magunia kwenye madirisha, mabenchi ya mbao, jenereta nje. Mzee Masanja aliketi mbele, fimbo kati ya magoti. Mtendaji wa kijiji pembeni. Sungusungu kumi hivi na filimbi zao shingoni. Mama Kulwa, Doto mgongoni. Niliketishwa karibu naye kwa sababu palibaki nafasi hapo tu.

Kamanda aliniamuru nipige kanda. Nilibonyeza. Vinanda vitamu, msichana akaimba. Wazee walitikisa vichwa kufuata wimbo. Nestori akawasha televisheni, na msichana yuleyule akaimba wimbo uleule kati ya maua. Kamanda alianza kutabasamu. Nilianza kupumua.

Mama Kulwa akasimama.

"Siyo huu."

Kamanda akamwuliza ana hakika gani. "Baba, mimi napika ukuta mmoja na redio ya Mwalimu. Miezi minane. Nawajua wote wanaolia mle." Akafumba macho, akauimba. Fidla alizipandisha kwa pua, taratibu, ngazi kwa ngazi. Kilio kikafuata, na kilivunjika panapostahili. Akasubiri. Akapiga benchi mara moja kwa kiganja. "Ngoma ni moja. Hairudii."

Hakukosea popote. Sisi watatu tumekuwa tukibishana miezi minane, na msikilizaji bora kuliko sote alikuwa anasonga ugali.

Banda zima liligeuka kunitazama. Mtu wa nyuma alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hapa hakuna cha kuzungumza tena.

Nilisimama. Nilisema kwamba Mama Kulwa amesema kweli na mimi nimedanganya. Nilisema filamu yenyewe ipo, inahusu bibi muuaji, nimelijua hilo juzi tu, na sijaiona. Nilisema iwekwe. Nestori alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekata shauri la kufa. Aliiweka.

Sikuwa nimewahi kuona picha ya namna ile. Nilidhani ninaujua muziki ule. Sikujua. Ngazi zilikuwepo kweli, na miguu peku ilikuwepo kweli, ya mtoto wa kike. Bibi alikuwa juu, gizani, anamngoja. Fidla zilipanda. Mtoto alipanda. Nikasahau kikao. Nikasahau fimbo na filimbi. Nikapiga kelele: "Mtoto, rudi chini. Rudi chini kwa mama yako." Kisha ngoma. Nilificha uso kwenye kanga, nikashika mkono uliokuwa karibu, nikaung'ang'ania.

Kisha nikasikia mtu anacheka. Kisha wengi.

Kamanda akasema, "Mwalimu, hao hawasikii. Wako Ulaya."

Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa wa Mama Kulwa. Aliuinua mkono wake pamoja na wangu, watu wote wauone. Wangu ulikuwa unatetemeka na umelowa jasho. "Huyu ndiye aliyemwita Doto? Amekaribia kunivunja vidole. Doto mwenyewe hajaogopa hivi, tazameni." Doto alikuwa anatazama televisheni na kunyonya kidole.

Uamuzi wa kamanda: kanda zipigwe madirisha yakiwa wazi. Waliocheka wasirudie neno la kuita. Aliyesema mengine alete ushahidi kwake, si kwangu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu. Nikairudisha meza mlangoni.

Jumamosi, 15 Oktoba

Leo wameniamkia kumi na wanne. Niliwahesabu. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Niliitikia marahaba kwa kila mmoja na kutazama mkono wake wa kulia. Mmoja wao aliandika. Pengine anaona aibu. Pengine anangoja Doto augue tena. Uamuzi wa kikao hauingii ndani ya kichwa cha mtu.

Meza bado iko mlangoni. Hatukusikiliza chochote. Salumu alileta kanda ya Kihindi kama kunipa pole. Nilimrudishia.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mvua ya kwanza asubuhi. Vumbi limelala.

Saa kumi nilizunguka ukuta, nikaenda kwa Mama Kulwa. Alikuwa barazani anachambua choroko za kupanda. Aliniamkia, akanisogezea kigoda. Nilianza kuchambua upande wangu wa ungo.

Kuna jambo hakuna aliyeniuliza kikaoni, nami sikulisema. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba siku ile nilimsikia. Tangu sauti ya kwanza nilimsikia. Nilidhani ni kanda, nikakaa na macho yangu nimeyafumba, na nikasifu. Mtoto wake alikuwa anakakamaa, mimi nasifu. Uchawi sina. Hilo ninalo.

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa uani. Kulwa na Doto walikuwa wanachezea matope ya mvua, na Doto alikuwa na nguvu za kutosha kumpiga mwenzake.

Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Nililia vizuri kuliko yule?"

Nilifikiri. Sikutaka kumdanganya tena mtu yeyote.

"Vizuri kuliko yule."

Akatikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyeambiwa bei anayoistahili. Akanimwagia choroko nyingine kwenye ungo. Tulichambua mpaka zikaisha.